Kikundi cha maigizo cha mtaa chenye watoto 22: tuwalinde vipi mazoezini na siku ya onyesho?

PaziaJekundu

Wakuu, habari za leo. Tuna kikundi cha maigizo hapa Tanga, cha kujitolea, hakuna anayelipwa. Watu wazima ni 6, watoto 22 wa miaka 8 hadi 16, wasichana 14 kati yao. Mazoezi ni Jumamosi na Jumapili mchana kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Mwezi wa nane tuna maonyesho matatu viwanjani, kata mbili tofauti. Igizo linahusu ukatili kwa watoto, na likiisha kuna majadiliano na watazamaji.

Mpaka sasa utaratibu wetu ni "tunajuana". Juzi mzazi mmoja kauliza swali dogo tu: mwanangu akiwa kwenu, nani anawajibika naye, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Kila kiongozi akajibu lake.

Naomba wenye uzoefu watusaidie: tunampokeaje mtu mzima mpya, watoto wabadilishie wapi maleba uwanjani ambako hakuna vyumba, wanarudije nyumbani, picha na magrupu ya WhatsApp, na mtoto akitueleza jambo zito tufanye nini. Mfuko wetu ni mdogo, msinitajie vitu vya laki tano.

MamaMaleba

Anza na swali la huyo mzazi, mengine yote yanatoka humo. Jibu liwe kwenye karatasi moja inayosainiwa: jukumu la kikundi linaanza mtoto anapoandikwa kwenye daftari la mahudhurio, linaisha anapokabidhiwa kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye fomu. Mkisema "mazoezi saa 8" bila daftari, mtoto aliyefika saa 7 akakaa getini hana mwenyewe kwa saa nzima. Mtu mwenye nia mbaya atakuwa wa kwanza kuligundua hilo pengo.

Daftari la kawaida linatosha. Mistari mitano: jina, saa ya kufika, saa ya kuondoka, aliyemchukua, sahihi. Fomu ya mzazi iwe na tarehe ya kuzaliwa, namba mbili za simu (moja iwe ya mtu asiyeishi nyumba hiyo, maana simu ya baba na ya mama huzimika pamoja umeme ukikatika), majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, na maradhi: pumu, kifafa, selimundu, aleji. Mtoto mwenye pumu dawa yake ya kuvuta ikae kwa mlezi aliye naye, isifungiwe ofisini. Mwenye selimundu anywe maji kila mara, asiachwe na nguo iliyolowa jasho kwenye upepo wa jioni, na asichoshwe. Fomu hizo zisizagae. Ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata nyie mnaojitolea.

Sasa watu wazima. Kanuni ni moja: mtu mzima mmoja na mtoto mmoja wasiwe peke yao mahali ambapo mwingine hawaoni. Wawili wanafungua ukumbi, wawili wanafunga. Akifika mmoja tu, mazoezi yanafanyika nje barazani panapoonekana, au yanaahirishwa. Mchujo wa wahusika mlango ukiwa wazi, waamuzi wawili au zaidi, watoto wakiingia watatu watatu.

Idadi ya walezi: watoto wa miaka 4 hadi 8, mlezi mmoja kwa 6. Miaka 9 hadi 12, mmoja kwa 8. Miaka 13 hadi 18, mmoja kwa 10. Ndio uwiano unaopendekezwa Uingereza na shirika la kulinda watoto la NSPCC, na unafaa hata huku. Kosa la vikundi vingi ni kuhesabu watu wote wazima waliopo. Anayeongoza igizo hahesabiwi. Anayeigiza hahesabiwi. Anayeshughulikia spika hahesabiwi. Nyie 6 mkitoa mwongozaji na wawili wanaoigiza mmebaki 3, na kwa watoto 22 wa umri mchanganyiko mnahitaji 4. Jazeni kwa mzazi wa zamu, ila mzazi wa zamu naye asibaki peke yake na watoto wa wenzake.

Kumpokea mtu mpya: barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho, na wadhamini wawili wasio ndugu zake ambao mtawapigia kweli. Msiulize "ni mtu mzuri?" kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Ulizeni: "Ungemwachia mwanao wa miaka 10 kutwa nzima?" Kisha nyamazeni msikilize anavyosita. Ulizeni pia alijitolea wapi kabla ya hapo na kwa nini aliondoka. Cheti cha polisi cha tabia njema ni kizuri kuwa nacho, lakini kinamtaja tu yule aliyewahi kufika kwenye rekodi zao. Miezi 3 ya kwanza mtu mpya hashiki funguo, hasindikizi mtoto, hana namba ya simu ya mtoto yeyote.

Maleba: suluhisho rahisi kuliko yote ni watoto waje wamevaa taiti au bukta na singlendi, maleba yavaliwe juu yake. Hapo hakuna anayevua nguo. Vazi likilazimu kubadilishwa, fungeni kamba mbili kwenye mirunda minne na turubai zito pande zote. Kanga moja iliyotundikwa haifai, jua la saa 10 likiwa nyuma yake aliye ndani anaonekana kama kivuli cha sinema. Wasichana zamu yao, wavulana yao, mlezi wa kike au wa kiume akisimama nje ya turubai na mgongo wake kwao. Simu zote, za watoto na za watu wazima, zinaingia kwenye kapu kabla ya kuingia. Zipu iliyokwama inashughulikiwa nje, mbele ya wengine.

Kurudi nyumbani: mazoezi yaishe saa 11 jioni ili mtoto wa mwisho awe kwao kabla ya saa 12 na nusu. Bodaboda ni ile tu aliyoiandika mzazi kwenye fomu, mtoto mmoja kwa pikipiki moja, mishikaki marufuku. Mzazi akichelewa, watu wazima wawili wanabaki na mtoto. Baada ya dakika 30 anapigiwa mtu wa pili kwenye fomu. Kiongozi asimpakie mtoto "kwa kuwa niko njia hiyo".

FundiJukwaa

Hapo juu pamekamilika upande wa watu. Mimi naongezea vitu, maana siku ya onyesho mtoto ataungua au kuanguka mapema kuliko hayo mengine yote.

Jukwaa la madawati au meza za shule: meza zinaachana katikati ya ngoma na mguu wa mtoto unazama kwenye ufa. Zifungeni miguu kwa kamba ya manila, mbili mbili, halafu juu tandikeni plaiwudi ya milimita 18 na muipigilie ishike. Plaiwudi nyembamba inabonyea na kutoboka watoto wakiruka pamoja. Mkijenga la mbao, 2x4 zikae sentimita 40 hadi 45 kutoka moja hadi nyingine. Ukingo wote uwe na mstari mweupe wa upana wa kiganja, kwa rangi au tepu, maana mtoto anayemulikwa na taa usoni haoni jukwaa linapoishia. Ngazi mbili, si moja. Kabla ya kila onyesho mtu apite na ndala mkononi akipapasa nayo misumari iliyochomoza.

Pazia la nyuma ni tanga la jahazi. Upepo wa pwani ukivuma linainuka na mirunda yake. Kila mrunda uwe na mfuko wa saruji uliojazwa mchanga, wa kilo 50 ikiwezekana, na kamba ya kuvuta nyuma iliyofungwa kitambaa chekundu ili watoto wasijikwae gizani.

Umeme: plagi ya ampia 13 kwa volti 230 inabeba kama wati 3,000 basi. Taa nne za zamani za jukwaani za wati 1,000 kwenye ekstensheni moja, plagi inayeyuka. Kodini taa za LED, zinakula wati 100 au 200 tu na haziunguzi anayezigusa. Ekstensheni ya kigurudumu ikunjuliwe yote hata kama unahitaji mita 5, waya uliozungushwa unahifadhi joto mpaka ganda linalainika. Viungio vya waya visilale kwenye nyasi zenye umande. Kila taa iliyo juu ya vichwa iwe na mnyororo au waya wa pili, skrubu pekee haitoshi. Taa za kumwekamweka achaneni nazo, mnaweza kuwa na mtoto mwenye kifafa, au mtazamaji.

Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka walipo watu, upande ambao moshi unapeperukia mbali. Isiwekwe nyuma ya pazia ambako watoto wanasubiri zamu: moshi wake una sumu isiyonuka na usingizi wake si wa kuamka. Petroli na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika tano. Mtoto anatoka jukwaani ana kiu, anaokota chupa ya kwanza.

Kibatari, mshumaa na mwenge wa kweli jukwaani, hapana. Maleba ya poliesta hayawaki kama pamba, yanayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Tumieni tochi ndogo ndani ya karatasi ya rangi ya chungwa. Mtoto akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si asali, si yai.

La mwisho ni kufuli. Mkiwa ukumbini, watu hupenda kufunga mlango wa pili ili wasioalikwa wasizamie. Mlango huo ndio wa kutokea moto ukitokea. Mwekeni mtu mlangoni, ondoeni kufuli. Zimamoto ni 114.

Mkwaju_Mombasa

Huku Kenya tuna Sheria ya Watoto ya 2022, na vyeti vya mwenendo mwema hutolewa na DCI (idara ya upelelezi wa jinai), lakini nakubaliana na MamaMaleba kwamba cheti si kinga. Mie naongeza la safari tu. Kila mtoto apewe namba yake ya kudumu, 1 hadi 22. Anayepanda gari anataja namba, si mwalimu kuhesabu vichwa, kwa sababu vichwa 22 vyaweza kuwa 21 vyenu na mmoja mtoto wa jirani aliyedandia. Hesabu wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, kabla ya onyesho, baada ya onyesho, na kila mkisimama njiani kununua mahindi. Kulala ugenini kuepukwe. Kata mbili za mji mmoja hazihitaji kulala.

Na rangi za uso: msipake masizi ya ndani ya betri, wala chokaa. Chokaa huunguza jicho. Mkaa uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa, ukachanganywa na mafuta ya mgando, watosha kwa ndevu na makunyanzi. Wanja usichangiwe, kijiti kimoja kikipita macho ya watoto 22 mtarudi nyumbani na macho mekundu kikundi kizima.

MzeeWaKibaraza

Mnataka kuanzisha kikundi cha sanaa au gereza? Maigizo ya mtaani yanaishi kwa kuaminiana. Ukimwambia mzee wa miaka 60 aliyelea nusu ya mtaa alete barua na wadhamini, umemtukana. Na hizo fomu, wazazi wengine kusoma kwenyewe ni shida, wataona mnawaingiza kwenye mambo ya kisheria na watawatoa watoto.

MamaMaleba

Mzee, shikamoo. Hoja ya fomu ni ya kweli kabisa. Iwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, isomwe kwa sauti kwenye kikao cha wazazi, na asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi. Mtakayogundua ni kwamba wazazi huuliza maswali mazuri kuliko yaliyomo kwenye fomu.

Hoja ya mzee wa miaka 60 sikubaliani nayo. Anayemdhuru mtoto kwa kawaida ni mtu ambaye mtoto na wazazi wake wanamfahamu na kumwamini, kwa hiyo kuaminika hakuwezi kuwa ndicho kigezo cha kumwachia mtoto. Utaratibu ukimhusu kila mtu, kuanzia mwenyekiti, hakuna aliyetukanwa. Ukimhusu mgeni pekee, hapo ndipo linakuwa tusi. Na una faida kwa huyo mzee pia: asiyekaa peke yake na mtoto hasingiziwi.

BintiWaUstawi

Naona hakuna aliyegusa igizo lenyewe, na kwangu hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko maleba na bodaboda. Mnaigiza ukatili kwa watoto, mkitumia watoto, mbele ya watoto wengine ambao baadhi yao yamewakuta.

Nafasi ya mtoto aliyetendewa ukatili apewe mtu mzima, au iwe ya kinyago, au kanga iliyofungwa fundo ikishikwa mkononi kama mtoto. Sababu si woga wa jukwaa. Ni kwamba mtaani jina la mhusika hubaki. Msichana wa miaka 12 aliyeigiza kubakwa ataitwa "yule aliyebakwa" dukani na kisimani wiki nzima, na wengine watadhani ni kweli. Tendo lenyewe lisionyeshwe. Mlango unafungwa, ngoma inanyamaza, taa inarudi tukimwona mama anachota maji na mtoto hasemi. Watazamaji wanaelewa vizuri kuliko mngeonyesha. Kumbatio, busu na kuvutana nguo hazina sababu ya kuwepo. Kofi liigizwe kwa umbali wa mkono mzima, mpigwaji ndiye anayetoa ishara ya kuanza na ndiye anayepiga kofi la sauti kwa viganja vyake mwenyewe. Mwongozaji akitaka kumrekebisha mtoto mkao, aonyeshe kwa mwili wake. Ikibidi kumgusa, aombe kwanza kwa sauti wengine wasikie, na mtoto akikataa iwe imeisha.

Kila baada ya mazoezi ya tukio zito, dakika 10 za kuvua uhusika. Watoto duara, kila mmoja anavua kitu kimoja cha maleba na kukiweka chini akisema, kama mhusika wake anaitwa Zawadi, "namwacha Zawadi hapa, mimi ni fulani, nina miaka kadhaa, nyumbani tunapika ubwabwa leo", halafu mchezo wa kukimbia au wimbo. Vikundi huruka hatua hii kwa sababu saa imekwisha. Basi punguzeni mazoezi, msipunguze hiyo.

Sasa majadiliano. Mwezeshaji afungue kwa maneno haya au yanayofanana: "Tunamzungumzia Zawadi wa kwenye igizo, hatumtaji mtu wa hapa mtaani." Watazamaji wakichangamka, mtu atasimama na kusema "hata binti wa fulani yalimkuta." Mkatishe papo hapo, kwa heshima: "Asante mama, hilo tutalizungumza pembeni." Mtuhumiwa anaweza kuwa amesimama mita tatu kutoka hapo, na mtoto aliyetajwa atapigwa usiku huohuo ili anyamaze. Watoto waigizaji wasibaki jukwaani wakati wa majadiliano. Wakae na mlezi, wanywe maji, wale. Wakibaki, lazima mtu atawauliza "na wewe umeshafanyiwa?" mbele ya umati.

Mwombeni Afisa Ustawi wa Jamii wa kata awepo siku hiyo, barua ipelekwe kupitia mtendaji wa kata wiki tatu kabla. Akikosekana, isogezeni siku. Igizo la namna hii likifanywa vizuri linafungua midomo, na si jambo geni kwetu. Mradi wa Tuseme uliozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 ulitumia maigizo ili wasichana wa sekondari waseme yanayowasibu shuleni, ukiwemo unyanyasaji wa kingono. Walioandaa wajue kwamba watasikia, na wawe wamejipanga wanasikiaje.

Mtoto akikueleza: kaa chini muwe sawa kwa kimo, sikiliza, usiulize "kwa nini ulienda" wala maswali ya kumtia maneno mdomoni kama "alikushika hapa?" Inatosha "halafu ikawaje?" Usiahidi siri. Mwambie: "Nitamwambia mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusaidia." Ukitoka hapo andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa ya kitoto, na tarehe na saa. Usimpigie mtuhumiwa. Usimpigie mzazi kwanza kama mtuhumiwa anatoka nyumbani kwake. Msikae kikao cha viongozi kuchunguza kama ni kweli. Kuchunguza si kazi yenu, na mtoto akihojiwa na watu watano kabla ya polisi, maelezo yake yanayumba na kesi inakufa.

Toeni taarifa siku hiyohiyo: Ustawi wa Jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, ni bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa, kwa hiyo hiari ya kiongozi wa kikundi haipo hapo. Kama ni ukatili wa kingono wa karibuni, mtoto asiogeshwe, nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya khaki au gazeti, si mfuko wa plastiki kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi, na apelekwe hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono (tiba, polisi na ustawi mahali pamoja) kama ipo jirani. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ujumbe wa "tuyamalize kifamilia" utafika kabla hamjatoka hospitali. Jibu lake liwe mmeshatoa taarifa.

Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kupokea taarifa hizi. Majina yao watoto wayajue kwa moyo, na mmoja wao asiwe rafiki wala ndugu wa mwongozaji.

Leicester_Mswahili

Kwa faida ya wengine: huku England vikundi vya ridhaa huomba kibali cha pamoja cha halmashauri badala ya leseni ya kila mtoto, na mlezi wa jukwaani aliyesajiliwa haruhusiwi kuwa na watoto zaidi ya 12. Wakati wa kulea hafanyi kazi nyingine yoyote. Hilo la mwisho lingewafaa hata bila sheria.

PaziaJekundu

Asanteni sana. Nimechapa fomu ya ukurasa mmoja tayari. WhatsApp hamjagusa. Na kuna hili ambalo nasita kuliandika: mwongozaji wetu mkuu huwafundisha baadhi ya wasichana mmoja mmoja nyumbani kwake jioni, hasa wenye nafasi kubwa, na huwapa hela ya soda na nauli. Hakuna tuhuma yoyote. Ndiye aliyeanzisha kikundi. Tunamwambiaje?

MamaMaleba

WhatsApp: grupu liwe la wazazi, admini pekee ndio wanaoandika, ratiba na mabadiliko basi. Masharti ya kawaida ya huo mtandao yanataka mtu awe na miaka 13 au zaidi. Mtu mzima hamtumii mtoto ujumbe faragha. Kwa wa miaka 15 na 16 mzazi awemo kwenye mazungumzo hayohayo. Ujumbe wa kufutika wenyewe uzimwe. Picha zina kibali chake peke yake kwenye fomu, ndiyo au hapana, na mtoto wa "hapana" afungwe utepe wa rangi mkononi mpiga picha amtambue. Hakuna jina kamili, hakuna sare ya shule, na msirushe picha wakati onyesho bado linaendelea, mnaonyesha watoto walipo.

La mwongozaji. Msimwendee kama mshtakiwa, na msiliache lipite. Kufundisha peke yake, nyumbani, jioni, waliochaguliwa, na hela mkononi: hata kama nia yake ni safi kama maji ya zamzam, hivyo ndivyo mwenye nia mbaya angepanga, na nyie kwa nje hamwezi kutofautisha. Leteni kanuni kwenye kikao kama kanuni za kikundi kizima, mumwombe yeye kama mwanzilishi asaini wa kwanza. Mafunzo ya ziada ni ukumbini, watoto wawili au zaidi, mtu mzima wa pili akiwa ndani. Nauli na soda hutolewa na mweka hazina kwa watoto wote, zikiandikwa. Nafasi za wahusika zinaamuliwa na watu watatu. Wekeni na mstari mmoja kwamba anayedai ngono ili ampe mtu nafasi anafanya rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18, kusema "alikubali" si utetezi.

Mafunzo ya nyumbani yasimame leo, msisubiri kikao. Akikataa kusaini, hiyo si hukumu kwamba ana hatia, ila aendelee na waigizaji wazima tu. Tuhuma ikija, anapumzishwa siku hiyo mpaka vyombo husika vimalize.

BintiWaUstawi

Na hao wasichana msiwaite kuwahoji "je, kuna kitu?" Wape wote 22 kipindi cha nusu saa juu ya kugusa kusikofaa na siri zisizofaa, wajue majina ya wale wawili, halafu muwe mnapatikana. Funguo za ukumbi zitoke kwa mwongozaji ziende kwa mtu mwingine.

PaziaJekundu

Nimemwandikia ujumbe kwamba mafunzo yote yanahamia ukumbini kuanzia kesho. Kikao Jumapili saa 9. FundiJukwaa, uwanja wa pili soketi iko mita 40 kutoka jukwaani, nikodi waya gani?

FundiJukwaa

Waya wa nyuzi tatu wa milimita za mraba 2.5, si 1.5. Ukunjue wote, upitishe juu ya mirunda au uuzike kidogo pale watu wanapopita, na uwe na sakiti breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampia 30, upande wa soketi. Taa za LED na spika mbili mtabaki chini ya wati 1,500. Muuza chipsi akiomba kuchomeka kikaango chake hapo, mkatalie.